Udongo Hauliwi

Jumatatu, 22 Aprili 1996

Nimefungua ofisi mapema. Dakta Mapunda alikuwa amekwisha fika, kama kawaida yake siku hizi. Amekaa kwenye ngazi, buti zimejaa matope, mfuko wa sampuli za udongo mapajani. Shikamoo Dakta. Marahaba mwanangu, umeamkaje. Sauti ni ile ile. Macho siyo.

Nimefuta taipureta, nimebadilisha utepe, nimechemsha maji. Nikampelekea chai. Baadaye nimekikuta kikombe kimejaa, kina utando juu.

Mkewe, Mama Stella, alifariki mwezi uliopita. Alikwenda kwao Songea kumwona mama yake, akaugua huko, akazikwa huko. Dakta alipanda treni hadi Makambako, kisha basi. Stella naye alitoka shule ya bweni Iringa, wakakutana kaburini. Baada ya mazishi Dakta akarudi Ifakara, na kesho yake akaingia darasani kufundisha udongo wa mabondeni.

Sisi tulimpa pole kwa barua. Niliichapa mimi. "Jumuiya ya Tawi imepokea kwa masikitiko makubwa." Profesa Kihwele, Mkuu wa tawi hili la chuo, akatia saini na muhuri. Nikampelekea Dakta pamoja na daftari la kupokelea barua. Akasaini. Mtu amefiwa na mkewe, mimi namwonyesha mstari wa kusaini.

Hakuna aliyekwenda kukaa naye. Profesa alisema Dakta ni msomi, anahitaji utulivu. Tukampa utulivu. Umezidi.

Mchana ndio mbaya zaidi. Ule wakati Mama Stella alikuwa anafika dirishani na hotipoti kichwani, anaita hadi wanafunzi wanamsikia: "Baba Stella! Udongo hauliwi!" Dakta anajibu bila kuinua kichwa: "Wajawazito wanakula!" Naye: "Basi kama una mimba sema, tukakuitie mkunga!" Kila siku maneno hayo hayo. Kila siku tulicheka.

Leo mchana dirisha lilikuwa wazi. Nimelifunga.

Jumatano, 24 Aprili

Dakta ameomba afundishe vipindi vya mwenzake aliye likizo. Juu ya vipindi vyake. Juu ya mashamba ya mafunzo. Profesa amekubali na kumsifu mbele yetu kwa moyo wa kazi. Mwalimu Rehema, anayefundisha takwimu, alinikanyaga mguu chini ya meza. Baadaye akaniambia, "Huyo hafanyi kazi, mdogo wangu. Huyo anakimbia."

Mwalimu Rehema ni mtu wa Tanga na hafichi kitu. Natamani ningekuwa yeye kwa siku moja.

Nimekumbuka wiki yangu ya kwanza hapa. Profesa hakuwa Mkuu bado. Nilisikia barazani mtu anaguta: "Mhehe! Mbwa wangu hajaonekana toka jana. Hebu fungua mdomo ninuse!" Ni Dakta Mapunda. Na Profesa anajibu: "Shuka kwenye baiskeli, Mngoni. Hiyo si ng'ombe wa kuiba." Nikajificha stoo. Nilidhani wanapigana. Mama Stella ndiye aliyenitoa, anacheka hadi anajishika kiuno. Akanieleza kwamba Wangoni na Wahehe ni watani, walipigana zamani na sasa wanatukanana kwa haki. Nilijua utani, nani hajui. Ila sikujua kama wenye shahada tatu nao wanatania.

Profesa alipopewa ukuu mwaka jana aliacha. Mkuu hawezi kuulizwa habari za mbwa mbele ya wanafunzi. Sasa wanaitana Profesa na Dakta, wanapeana mikono.

Nampenda Dakta. Niandike hivyo tu. Nilipokosea kuchapa ripoti yake yote mwaka jana, nikaruka ukurasa mzima, alisema ukurasa ule ulikuwa mbaya hata hivyo.

Ijumaa, 26 Aprili

Jambo limetokea. Wanafunzi wawili walikuja ofisini, hawataki kusema, kisha wakasema. Dakta alisimama ubaoni, akaandika neno "rutuba", akanyamaza. Akabaki ameshika chaki. Kipindi kizima. Hawakujua wafanye nini, nao wakakaa kimya pamoja naye mpaka kengele. Mmoja wao alikuwa analia.

Profesa akapita akaniuliza kwa nini darasa la Dakta lilikuwa kimya vile. Nikasema walikuwa wanafanya zoezi. Nimemdanganya Mkuu wa Tawi. Nikaikalia mikono yangu.

Jumapili, 28 Aprili

Baada ya misa nimekwenda nyumbani kwa Dakta, nikiwa na Mwalimu Rehema. Nilipata ujasiri kwa sababu yeye alitangulia.

Nyumba ni safi. Safi mno, kama ya mtu anayehama. Vitabu vimepangwa. Hotipoti ya Mama Stella iko mezani, imeoshwa, imefunguliwa, haina kitu. Nje, kwenye kamba ya nguo, kanga yake bado inaning'inia. Ilianikwa kabla hajasafiri. Imenyeshewa na kukauka na kunyeshewa tena, maandishi yake yamefutika. Hakuna aliyeianua.

Dakta alifurahi kutuona, nadhani. Akatutengenezea chai mwenyewe. Akamimina. Ilikuwa maji ya moto na sukari. Amesahau majani. Yeye mwenyewe alikunywa na hakuona. Mimi na Mwalimu Rehema tukatazamana, tukanywa, tukasema asante, chai nzuri.

Akatuambia shamba lao la mpunga njia ya Idete limeanza kutoa suke, na ndege wameshuka. Mama Stella ndiye aliyekuwa anapanga nani aende kuamia, awafukuze. "Mimi sijui alikuwa anafanyaje," akasema. Basi.

Njiani, tulipofika sokoni, Mwalimu Rehema alisimama. Halafu akasema, "Maji ya moto, Skola." Na akajifuta macho kwa ncha ya mtandio.

Jumanne, 30 Aprili

Kikao. Niliandika muhtasari.

Wageni wanakuja kutoka makao makuu ya chuo, Ijumaa ya wiki ijayo. Wanazungukia matawi kuongea na wahadhiri: wanaishije, wanavumiliaje kazi, afya zao, mioyo yao. Profesa alisoma barua hiyo kwa sauti kavu. Akasema Tawi letu litaonekana imara. Watu wakaitikia.

Dakta hakuwepo, alikuwa mashambani na wanafunzi. Profesa akavua miwani. Akasema amejua habari ya darasa la Ijumaa. (Hakunitazama. Nilitaka kuingia chini ya meza.) Akasema atawaomba wageni waondoke na Dakta kwenye gari lao, apumzishwe kule makao makuu, apewe kazi ya maktaba hadi atakapostaafu. Kwa faida yake mwenyewe.

Mwalimu Rehema akasema, "Profesa, kule ana nani?"

Profesa akasema kule kuna wataalamu.

Nimeandika yote. Mwandiko wangu mstari wa mwisho hausomeki.

Dakta ataishi chumba kimoja ghorofani, mjini, hana udongo, hana mtu aliyemjua mkewe. Hatamaliza mwaka. Naandika hapa kwa sababu sina pa kulisema.

Jumatano, 1 Mei

Sikukuu ya wafanyakazi. Badala ya maandamano, tumekwenda kuamia ndege kwenye shamba la Dakta. Mwalimu Rehema, mimi, na wanafunzi kadhaa wa lile darasa la kimya. Kwa baiskeli, matope hadi kwenye mnyororo.

Dungu la Mama Stella, lile jukwaa la kufukuzia ndege, bado limesimama vizuri. Tukapanda juu. Unaona bonde lote, mpunga unakwenda hadi chini ya milima, mawingu yamelalia Udzungwa. Halafu ndege wanakuja kama moshi. Tukapiga madebe, tukavuta kamba zenye makopo, tukapiga kelele. Mwalimu Rehema alikuwa anawatukana kwa maneno ya Tanga ambayo siwezi kuyaandika. Mwanafunzi mmoja akamwambia, "Mwalimu, hao ndege ni Wasukuma, hawakuelewi." Tulicheka sana. Nilijisikia vibaya kucheka, kisha nikaacha kujisikia vibaya.

Tukila miwa mchana, Mwalimu Rehema akauliza, "Hivi msibani kwa Mngoni, watani walikuwa nani?" Nikasema kule Songea bila shaka walikuwepo. "Siulizi kule," akasema. "Nauliza hapa. Hapa alipoishi naye. Nani alimtania Dakta hapa? Nani alilala mlangoni akadai jogoo? Nani alivaa nguo za marehemu akamwigiza, mfiwa akacheka akapata kulia?"

Hakuna. Kulikuwa na barua.

"Na Mhehe hapa ni mmoja tu," akasema.

Kila mtu alimwona Profesa kichwani mwake, na ile tai yake.

"Wewe ndiye unaingia ofisini kwake kila asubuhi, Skola," Mwalimu Rehema akaniambia.

Nikasema siwezi. Nimesema kweli. Mama yangu aliyeko Mofu na wadogo zangu wananitegemea mimi. Kule Chita, jeshini, afande alinifokea mbele ya kombania nzima na sikutetemeka kama ninavyotetemeka Profesa akiniuliza ziko wapi pini za karatasi.

Ijumaa, 3 Mei

Niliingia kwa Profesa na faili. Nikafunga mlango nyuma yangu, kitu ambacho sifanyi. Akainua macho. "Ndiyo?"

Nikasema, "Profesa, karatasi za kaboni zinakaribia kuisha."

Akasema agiza. Nikatoka.

Mimi ni mwoga. Ni hivyo tu.

Jumatatu, 6 Mei

Profesa amemwambia Dakta mwenyewe. Asubuhi, mlango umefungwa. Dakta alitoka akiwa mtulivu. Akaniomba maboksi ya karatasi, yale matupu, ya kuwekea vitabu.

Saa tisa akarudi ofisini. Ameshika hotipoti. Akaiweka juu ya taipureta yangu. "Chukua wewe, mwanangu. Mimi sina kazi nayo."

Nikasema Dakta, utaihitaji huko. Akatabasamu. Akasema huko hakuna anayejua kwamba udongo hauliwi.

Kisha akaanza kugawa. Kumbe tayari alishagawa: baiskeli kwa mwanafunzi, redio kwa mlinzi, jembe la Mama Stella kwa jirani. Mtu anayehamia mji mwingine anachukua redio yake. Mtu anayehama anataka redio yake zaidi ya kitu kingine.

Nimeogopa. Siyo ule woga wangu wa kila siku. Huu ni wa baridi.

Nimemwomba Mwalimu Rehema na mumewe wakae naye jioni, walale pale pale. Wamekwenda. Hawakuuliza kwa nini. Wamesema watakuwa hapo kila siku mpaka nitakapowaambia vinginevyo. Mimi, niwaambie!

Jumanne, 7 Mei

Nimesema.

Nilisimama mikono nyuma, miguu sambamba, kama Chita. Nikakitazama kidole gumba cha Profesa maana usoni nisingeweza. Nikasema Dakta ameniachia hotipoti ya marehemu. Nikasema anagawa vitu vyake na mimi naogopa atajidhuru. Nikasema sisi tulimpa pole kwa barua na niliichapa mimi. Nikasema Mama Stella hajaliliwa hapa. Halafu nikasema lile lingine, haraka, kwa pumzi moja:

"Na mtani wake hapa ni Profesa peke yake."

Kidole gumba kiliacha kusogea.

Nikasikia kuku wa mlinzi nje.

"Nani amekutuma?"

"Hakuna, Profesa."

"Toka nje, Skolastika."

Jina lote. Hajawahi kuniita jina lote.

Nitafukuzwa. Nimeanza kufikiri nitamwambiaje mama.

Alhamisi, 9 Mei

Hajaniita. Hajanifokea. Jana alipita mbele ya meza yangu mara nyingi bila kunitazama. Nimekusanya vitu vyangu kwenye mfuko: kitana, sabuni, kile kikombe chenye ua. Nimeuweka chini ya meza tayari.

Dakta amefundisha kipindi chake cha mwisho. Alisema mambo yote sawasawa, kwa mpangilio. Wanafunzi wamesimama wote alipotoka. Yeye hakuelewa kwa nini wamesimama, akageuka kuangalia nani ameingia nyuma yake.

Jioni nikiwa nafunga, Profesa akatokea mlangoni. Uso kama ukuta.

"Ile hotipoti ipo?"

Nikasema ipo.

"Kesho uje nayo. Kaitie chakula."

Akaondoka. Sijui maana yake. Nimejiambia nisitumaini kitu.

Ijumaa, 10 Mei

Niandike polepole, yote, nisisahau.

Wageni walifika asubuhi. Mama mmoja mtu mzima, daktari wa mambo ya nafsi, nywele nyeupe, na dereva wake. Mama mpole. Sanduku la Dakta lilikuwa tayari barazani, na maboksi ya vitabu. Dereva aliyapakia kabla hata ya chai. Nilitazama kila boksi likipanda.

Tukakusanyika darasa kubwa, wahadhiri na baadhi ya wanafunzi. Mama yule akachora duara ubaoni. Akaeleza kwamba mwalimu ni mtu kwanza. Kwamba anachoka, anafiwa, anaogopa, na chuo lazima kijue. Alisema vizuri. Akauliza kila mmoja, wewe unavumiliaje. Mwalimu Rehema akasema yeye huimba taarabu bafuni hadi majirani wanavumilia wao. Watu wakacheka. Ikafika zamu ya Dakta.

"Mimi niko salama," akasema. "Nashukuru."

Mgeni akamtazama sana. Nilipogeuka nikaona kiti cha Profesa kitupu. Na hotipoti, ambayo niliiweka kwenye kona, haipo.

Mchana ulikuwa umefika. Jua kali, madirisha yote wazi. Na sauti ikatoka nje, nyembamba, ya kuchekesha, ya mwanaume anayejifanya mwanamke:

"Baba Stella! Baba Stella weee!"

Nikageuka.

Profesa Kihwele alikuwa dirishani. Amejifunga kanga ya Mama Stella, ile ya kwenye kamba, iliyopauka. Nyingine amejipiga kilemba. Chini yake shati jeupe, na tai inaning'inia juu ya kanga. Hotipoti kichwani, anaishika kwa mkono mmoja, mkono wa pili kiunoni. Kiuno amekitupa upande, vile vile, vile vile kabisa alivyokuwa anasimama Mama Stella.

"Baba Stella! Udongo hauliwi!"

Mgeni alikuwa na chaki hewani. Mimi nilifikiri nimeua watu wawili. Nilifikiri Dakta atamrukia. Nilimwona anashika meza kwa nguvu.

Profesa hakuondoka. Sauti ilianza kumtetemeka lakini akaita tena.

"Baba Stella! Nimesema udongo hauliwi!"

Na Dakta, kichwa chini, kwa sauti ndogo kama ya mtu aliye kisimani:

"Wajawazito wanakula."

"Basi kama una mimba sema," Profesa akapasuka, "tukakuitie mkunga! Na mtoto akizaliwa Mngoni tutamrudisha!"

Dakta akacheka. Ilikuwa sauti mbaya, kama mlango uliovimba unafunguliwa kwa nguvu. Akacheka, akacheka, na katikati ya kicheko ikageuka. Akakaa chini, sakafuni, na kulia. Kulia kwa sauti. Wanaume wa hapa hawalii hivyo mbele ya wanafunzi. Wanafunzi wakainuka wenyewe, wakatoka taratibu, na huko nje wasichana wakaanza kulia nao, na wapishi wakaja, na msiba ukawa msiba.

Mwalimu Rehema alikuwa amekaa sakafuni ameshamshika. Mimi nililia hadi kamasi.

Kisha tukasikia kelele barazani. Profesa amekwenda kulala mbele ya gari la wageni. Chali, kwenye matope, na kanga yake. Dereva anapiga honi. "Pita juu yangu!" Profesa anamwambia. "Mngoni haendi popote! Mkewe hajaliliwa hapa. Siinuki mpaka nipewe jogoo!"

Mgeni akatoka, akasimama, akamwangalia Mkuu wa Tawi aliyelala chini. Akamuuliza mlinzi, kwa utulivu kabisa, kama kuna jogoo.

Mlinzi akakimbiza mmoja uwanja mzima. Akaletwa. Profesa akamkagua mabawa na miguu, akasema huyu mgonjwa, huyu jogoo wa Kingoni, aletwe mwingine. Dakta alikuwa amefika mlangoni, macho mekundu, ameegemea kizingiti.

"Mpeni mbwa," akasema. "Ndio chakula chake."

Nadhani hata Songea walisikia tulivyocheka.

Maboksi yameshushwa. Niliyahesabu? Hapana. Niliyabeba.

Jumapili, 12 Mei

Matanga nyumbani kwa Dakta, tangu Ijumaa. Mikeka uani, majirani wote, wanakwaya, wanafunzi. Waislamu wa mtaa wamekuja na Mwalimu Rehema. Mama yangu ameleta perege kutoka Mofu, akakaa jikoni na wanawake kana kwamba amewajua miaka yote. Aliyechukua baiskeli amerudisha. Redio imerudi. Jembe limerudi, na jirani akasema alijua tu, alikuwa analitunza.

Yule mama mgeni hakuondoka Ijumaa. Alibaki hadi leo. Ile mihadhara yake aliiweka mkobani, akakaa kwenye mkeka akachambua mchele na kumsikiliza Dakta. Alimsikiliza muda mrefu. Leo asubuhi kabla ya kwenda zake alikubaliana naye kwamba wataandikiana, na kwamba Dakta atakwenda pia kumwona daktari wa hospitali hapa, kwa ajili ya usingizi, na Mwalimu Rehema atamsindikiza. Vipindi vya ziada vimeondolewa. Kumbe utani unafungua mlango tu. Kuingia ndani kuna kazi yake.

Dakta alikula. Ugali na perege. Nilimtazama kila tonge kama mjinga.

Alisimulia habari za Mama Stella. Jinsi alivyomkatalia posa mara ya kwanza kwa sababu ya buti zenye matope. Watu wakaongeza yao. Kila mtu alikuwa na lake. Hata mimi nikasema lile la stoo.

Profesa alisugua masufuria, bado na kanga. Ni kazi ya mtani. Nilipompelekea maji akasema, bila kugeuka, "Mimi nilidhani msomi anafarijiwa kwa kuachwa peke yake." Akasugua. "Baba yangu alipokufa nami waliniandikia barua nzuri sana."

Nikasema pole, Profesa.

Akageuza sufuria. "Kesho uje mapema, Skola. Kuna mambo ya kuchapa."

Skola. Nimeutoa mfuko wangu chini ya meza kichwani mwangu. Kesho nitautoa kweli.

Jumatatu, 20 Mei

Nimefungua ofisi. Kwenye ngazi hapakuwa na mtu.

Woga ule wa baridi ukanirudia. Nikaacha funguo zinaning'inia mlangoni, nikatoka hadi barabarani. Mwanafunzi anayekaa jirani na Dakta alikuwa anakuja, ananyonya muwa.

"Umemwona Dakta?"

"Amelala, dada. Anakoroma hadi barabarani."

Nikarudi. Nimekaa kwenye ngazi mwenyewe kidogo. Matope yale ya buti yamekauka na kudondoka.

Kengele ililia, darasa la Dakta likawa linasubiri. Profesa akatoka ofisini kwake, ameshika chaki. Nikamwambia Dakta bado. Akasema mwache alale, Wangoni hulala sana baada ya kushindwa. Akaingia darasani yeye. Hajui chochote kuhusu udongo. Nilisikia wanafunzi wanacheka mara tatu, nne.

Ndege wamekula sehemu ya mpunga wa Dakta, ila mwingi umebaki. Tutavuna wote. Kwenye kamba ya nguo hakuna kitu.

Saa nne hodi. Dakta mlangoni. Shati limekunjamana, alama ya mkeka imebaki shavuni, macho ya mtu aliyeamka sasa hivi na hajui ni siku gani.

"Skola mwanangu. Nimechelewa."

"Ndiyo, Dakta."

"Chai ipo?"

Ipo. Nimemmiminia. Majani niliweka mengi.